Kulinganisha baga za Mtwara mjini: agiza moja kavu kwanza

Uliza watu wa Mtwara wapi kuna baga nzuri, majibu mengi yatahusu sosi. Mmoja atakwambia kule Shangani wanamwaga mayonesi bila huruma, mwingine atasifu pilipili ya ukwaju ya kibanda fulani. Sosi inaficha mengi mno, kwa hiyo mimi huiweka kando. Baga hupimwa kwa nyama, skonzi na moto.

Nazungumzia sehemu za kaunta: unaagiza, unalipa, unasubiri dakika kumi hivi, unakabidhiwa mkononi. Mtindo huu huko Marekani ndio ulioipa umaarufu Shake Shack, kampuni ya migahawa ya baga iliyofungua kibanda chake cha kudumu mwaka 2004 ndani ya bustani ya Madison Square Park, New York. Hapa kwetu ni vibanda vya chipsi vyenye baga pembeni, migahawa midogo, na majiko ya hoteli za ufukweni.

Kila mahali agiza baga moja kavu: nyama, skonzi, chumvi, basi. Nenda saa zilezile. Saa moja jioni jiko limechangamka. Alasiri unaweza kukuta nyama iliyokaangwa tangu mchana. Beba mzani mdogo wa jikoni, fungua baga, pima nyama peke yake. Nyama mbichi ya gramu 120 hupoteza kama robo ya uzito ikiiva, kwa hiyo tarajia gramu 90 hivi. Kisha gawa bei kwa gramu. Tuseme baga ya shilingi 9,000 ina nyama ya gramu 90: unalipa shilingi 100 kwa gramu. Ya shilingi 6,000 ikiwa na gramu 45, umelipa zaidi ya shilingi 130. Ile ya bei rahisi ndiyo ghali.

Sasa nyama yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Ng'ombe wetu wa asili hana mafuta mengi yaliyopenya katikati ya nyama. Mafuta yake yamekaa kwenye nundu, kwenye kidari na kuzunguka figo. Mpishi anayenunua steki tupu na kuisaga, akidhani amechagua kilicho bora, anapata baga kavu inayomeguka kama makapi. Mchanganyiko unaofanya kazi kwa kilo moja ni gramu 800 za nyama ya shingo au ya bega, na gramu 200 za mafuta ya nundu au kidari. Vyote viwe baridi kabisa, karibu kuganda, kabla ya kuingia mashine. Mafuta yakipata joto yanapakaa badala ya kukatika, na kinachotoka ni uji mzito. Kwa joto la Mtwara, mashine ya buchani iliyokuwa inasaga tangu asubuhi imeshapata moto wa kutosha kuharibu kazi hiyo. Ukimega baga na kuona imeshikana laini kama soseji, bila chembe za nyama, ujue tatizo lilianzia huko, au chumvi ilichanganywa mapema. Chumvi huyeyusha protini za nyama na kuzigandamanisha. Inyunyizwe juu, nyama ikiwa inaelekea kwenye chuma.

Jambo jingine: nyingi ya baga zetu ni kababu iliyolazwa ndani ya skonzi. Ina yai, unga wa mkate, kitunguu saumu, tangawizi na kotmiri. Sioni kosa hapo, na kwa nyama isiyo na mafuta ni ujanja mzuri, kwani unga wa mkate hushika maji. Ila usiishindanishe na baga ya nyama tupu. Hivyo ni vyakula viwili, na kila kimoja kina mashindano yake.

Moto ndio unaotenganisha mpishi na mchemshaji. Nyama haipati rangi ya kahawia na ile harufu yake hadi uso wake ukauke na kupita nyuzi joto 140 hivi. Chuma kikiwa na moto mdogo, nyama inatoa maji, inachemka ndani ya maji yake na kuwa ya kijivu. Sikiliza: nyama ikigusa chuma ipige kelele mara moja na kelele isishuke. Kubonyeza kwa mwiko kunafaa katika sekunde thelathini za mwanzo tu, mafuta yakiwa bado hayajayeyuka. Anayebonyeza baada ya kugeuza anakamulia utamu wako motoni.

Kwenye vibanda kadhaa nyama inatumbukizwa kwenye karai la chipsi. Utaijua kwa rangi iliyo sawa pande zote, ukingo mgumu, na ladha ya kila kilichopita humo, samaki akiwemo. Mafuta yakiwa meusi, yenye povu lisilotulia, ondoka.

Kuhusu kuiva, nyama ya kusaga haina mjadala: nyuzi joto 71 katikati. Bakteria walio juu ya kipande cha nyama husambazwa hadi ndani na mashine, ndiyo maana steki yaweza kuwa nyekundu ndani lakini baga hapana. Rangi usiiamini, nyama inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika. Na nyama iliyokaangwa mapema inatakiwa kukaa juu ya nyuzi joto 60. Ikiwa imepangwa kwenye kabati la kioo lenye balbu moja, weka mkono juu ya kioo. Kikiwa vuguvugu tu, hapo hapakai joto la kutosha.

Skonzi inataka neno moja: je, imechomwa upande wa ndani? Dakika moja kwenye chuma chenye mafuta kidogo huweka ngozi inayozuia maji ya nyama. Isipochomwa, chini inalowa kabla hujafika nusu. Skonzi za tui la nazi zina utamu mzuri na baga, ila huungua haraka, kwa hiyo apunguze muda. Upana wa nyama mbichi uzidi skonzi kwa sentimita moja hadi mbili, maana itasinyaa.

Ukibeba kwenda nyumbani, kataa kufungiwa kwenye foili. Mvuke unarudi ndani na baada ya dakika kumi una mkate uliolowa. Karatasi ndani ya mfuko wa kaki inapumua.

Palipo na baga ya samaki, agiza nayo kavu. Jodari aliyekatwakatwa kwa kisu, si kusagwa, akiingia motoni dakika mbili kila upande, anaishinda ng'ombe wa vibanda vingi bila hata kutafutiwa nundu. Ila uliza alipotolewa majini amewekwa wapi. Jodari aliyepigwa jua anaweza kuwa na histamini, sumu inayojitengeneza samaki akikaa kwenye joto, na moto hauiondoi. Ulimi ukianza kuwasha kama umelamba pilipili ambayo haimo, acha kula.