Je, wajua kwa nini ubaguzi mgahawani Marekani uliangushwa kwa hoja ya nyama?

Ni kipengele gani cha Katiba ya Marekani kilichowabana wenye hoteli na migahawa wakaacha kuwafukuza wateja weusi? Kwa miaka mingi nilijibu bila kusita: Marekebisho ya 14, yale ya mwaka 1868 yanayoahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Nilijibu hivyo hata mbele ya mwanasheria mmoja, naye akanitazama kwa huruma. Kumbe kazi kubwa ilifanywa na kifungu cha biashara.

Kosa langu ni la kusoma barua bila kutazama anwani. Marekebisho ya 14 hayasemi "asiwepo mtu wa kubagua". Yanasema hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa. Chukulia mwalimu mkuu amebandika tangazo: "Ni marufuku kwa walimu kuwachapa wanafunzi." Muuza mandazi aliye nje ya lango akimchapa mwanafunzi, amekosea, tena sana, lakini tangazo lile hajalivunja. Halikuandikwa kwake. Kwa mtazamo huu, mwenye mgahawa ni muuza mandazi, na jimbo ndilo mwalimu.

Wala haya si mawazo ya wanasheria wa vijiweni. Mwaka 1875 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi katika nyumba za wageni, vyombo vya usafiri na kumbi za maonyesho. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ikaibatilisha kwa sababu hiyohiyo ya anwani: wabaguzi walikuwa watu binafsi, si majimbo. Majaji wanane walikubaliana. John Marshall Harlan akapinga peke yake. Uamuzi huo haujafutwa mpaka leo, na hapo ndipo nilipoacha kubisha.

Kwa hiyo waliotunga Sheria ya Haki za Kiraia, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 2 Julai 1964, walihitaji njia nyingine. Hawakuliacha kabisa suala la jimbo: sheria inagusa pia ubaguzi unaoungwa mkono na mamlaka za jimbo. Lakini uzito waliuweka kwenye kile kifungu cha biashara, kifungu kikongwe kinacholipatia Bunge mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo.

Wenye biashara waliipinga sheria hiyo mahakamani. Kesi ya kwanza ilikuwa rahisi. Moteli ya Heart of Atlanta ilikuwa na vyumba 216, karibu na barabara kuu mbili, na takriban asilimia 75 ya wageni wake walitoka nje ya jimbo la Georgia. Mwenyewe, Moreton Rolleston, alikuwa mwanasheria na alijitetea mwenyewe. Miongoni mwa hoja zake: kumlazimisha kupokea wageni weusi ni kumtumikisha kwa nguvu, kinyume cha Marekebisho ya 13. Ndiyo, yale yaliyofuta utumwa. Mahakama haikushawishika.

Kigumu kilikuwa mgahawa wa Ollie's Barbecue wa Birmingham, Alabama. Huu ulikuwa wa familia, ukiuza nyama choma tangu 1927, na wateja wake walikuwa hasa watu wa hapohapo. Wazungu walikula mezani. Weusi waliuziwa chakula cha kubeba tu, ilhali takriban theluthi mbili ya wafanyakazi walikuwa weusi. Biashara ya majimbo inaingiaje hapo?

Inaingia kupitia jikoni. Kwa mwaka mmoja mgahawa ulinunua chakula cha dola 150,000 hivi, na dola 69,683 kati ya hizo, yaani asilimia 46, zilikwenda kwenye nyama ambayo muuzaji wa mjini alikuwa ameitoa nje ya Alabama. Sheria ilitaka sehemu kubwa ya chakula iwe imevuka mpaka wa jimbo. Nyama ilikuwa imevuka.

Lakini mgahawa mmoja unaitikisaje biashara ya nchi nzima? Hapa majaji walifuata hesabu ya haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1942 walikwisha kuamua kwamba mkulima wa Ohio anayelima ngano kupita kiwango alichopangiwa na serikali ili alishe mifugo yake anaweza kuzuiwa, kwa sababu wakulima wote wakifanya hivyo soko la nchi litayumba. Punje za mmoja hazionekani. Za wote ni gunia. Vivyo hivyo kwa migahawa. Bunge lilisikia mashahidi wakieleza kwamba msafiri mweusi asiyejua atakula wapi na atalala wapi huona heri asisafiri, na sahani ambayo haikuuzwa ni nyama ambayo haikuagizwa. Kila meza iliyofungwa ni haba. Jumlisha za Kusini yote uone kibaba.

Tarehe 14 Desemba 1964 majaji wote tisa waliiunga mkono sheria katika kesi zote mbili. Jaji William Douglas aliafiki huku amekunja uso kidogo: kwake haki ya mtu ilistahili hadhi kuliko usafirishaji wa ng'ombe, matunda, chuma na makaa ya mawe. Sioni pa kumpinga. Hoja ya biashara huacha mianya ya ajabu pia. Orodha ya sheria ile inataja hoteli, migahawa, vituo vya mafuta, majumba ya sinema na viwanja vya michezo, lakini maduka ya kawaida haiyataji. Na nyumba ya kulala wageni yenye vyumba visivyozidi vitano vya kupangisha, ambayo mwenyewe anaishi humohumo, imeachwa nje.

Kibaba nacho kina kikomo. Mwaka 2000 Mahakama hiyohiyo iliangalia sheria ya 1994 iliyowaruhusu waathirika wa ukatili wa kijinsia kuwashtaki katika mahakama za shirikisho watu waliowatendea ukatili huo. Bunge lilikuwa limekusanya ushahidi mwingi wa hasara za kiuchumi. Majaji watano kati ya tisa wakasema ukatili si shughuli ya kiuchumi, hivyo haujumlishwi kama ngano. Mawakili wakageukia Marekebisho ya 14, wakakuta jibu la 1883 likiwasubiri: mshtakiwa si jimbo.