Matriki na determinanti: dhana potofu zinazowapoteza wanafunzi wa biashara

Mwanafunzi wa biashara anapofika kwenye mada ya matriki huwa tayari ana mazoea aliyoyajenga kwa miaka mingi na namba za kawaida. Tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu. Kugawanya ni kazi ya kila siku. Jibu la kuzidisha likiwa sifuri, basi mojawapo ya namba zilizozidishwa ilikuwa sifuri. Mazoea hayo ni sahihi kwa namba, ila matriki si namba. Ni jedwali ambalo mistari yake (inayolala) na safu zake (zinazosimama) zina majina: matawi, bidhaa, malighafi, miezi. Naamini kabisa kwamba makosa mengi ya mada hii yangeisha kama kila mmoja angeandika majina hayo pembeni mwa jedwali kabla hajagusa kikokotoo.

Dhana: kuzidisha matriki ni kuzidisha seli kwa seli

Kujumlisha na kutoa hufanyika hivyo, seli kwa seli, ndiyo maana wengi huamini na kuzidisha kufuate mkondo huohuo. Tazama biashara yenye matawi mawili na bidhaa mbili. Tawi la kwanza limeuza vipande 20 vya bidhaa ya kwanza na 30 vya bidhaa ya pili. Tawi la pili limeuza 10 na 40.

20  30
10  40

Bei ni 5 kwa bidhaa ya kwanza na 8 kwa ya pili, nazo zimeandikwa kwenye safu moja. Tunataka kujua kila tawi limeingiza kiasi gani. Tawi la kwanza: 20 × 5 + 30 × 8 = 340. Tawi la pili: 10 × 5 + 40 × 8 = 370. Huko ndiko kuzidisha matriki: unachukua mstari wa jedwali la kwanza, unaupitisha kwenye safu ya jedwali la pili, unazidisha jozi kwa jozi, kisha unajumlisha. Mhasibu yeyote hufanya hesabu hii bila kuipa jina.

Kwenye Excel hapa pana mtego. Alama ya nyota huzidisha seli kwa seli. Kazi ya kuzidisha matriki hufanywa na MMULT. Ukizidisha majedwali haya mawili kwa nyota, programu hailalamiki. Inachukua ile safu ya bei na kuirudia kwenye kila safu ya mauzo, kisha inakuletea 100, 150, 80 na 320. Jedwali linapendeza kwa macho, lakini ile 150 imetokana na kuzidisha mauzo ya bidhaa ya pili kwa bei ya bidhaa ya kwanza.

Dhana: A × B ni sawa na B × A

Katika mfano uliopita huwezi hata kugeuza mpangilio. Jedwali la mauzo lina mistari miwili na safu mbili, la bei lina mistari miwili na safu moja. Ukianza na bei, safu moja haiwezi kupangwa na mistari miwili. Sharti ni kwamba majina ya safu za jedwali la kushoto yawe ndiyo majina ya mistari ya jedwali la kulia. Matawi kwa bidhaa, kisha bidhaa kwa bei: "bidhaa" zinakutana katikati na kupotea, zinabaki matawi na bei. Idadi zikilingana lakini majina yasilingane, hesabu itakwenda na jibu halitakuwa na maana yoyote.

Hata pale ambapo pande zote mbili zinazidishika, majibu kwa kawaida hutofautiana. Chukua A yenye mistari (1, 2) na (0, 1), na B yenye mistari (1, 0) na (3, 1). A × B inatoa mistari (7, 2) na (3, 1). B × A inatoa (1, 2) na (3, 7).

Humo humo inaingia dhana ya kugawanya. Matriki hazigawanywi. Kilichopo ni matriki kinyume (ile ambayo ikizidishwa na A inaifuta), na upande unaouweka una uzito wake: ikiwa AX = B, basi kinyume cha A kinawekwa kushoto kwenye pande zote mbili za mlinganyo, na X inakuwa kinyume cha A mara B. Ukikiweka kulia umetatua swali jingine. Kufuta matriki inayojirudia pande zote mbili nako kuna masharti. Matriki yenye mistari (1, 2) na (2, 4), ikizidishwa kwa yenye mistari (2, −4) na (−1, 2), inatoa sifuri tupu, ingawa hakuna sifuri hata moja ndani ya matriki zote mbili. Kwa hiyo AB = AC haikupi ruhusa ya kusema B = C, isipokuwa A iwe na kinyume.

Dhana: determinanti ikiwa sifuri, milinganyo haina jibu

Hii ndiyo dhana ninayotaka kukaa nayo zaidi, kwa sababu inagusa kiini cha determinanti yenyewe.

Determinanti ni namba moja inayotolewa na matriki mraba, yaani yenye mistari na safu za idadi sawa. Kwa matriki ya mbili kwa mbili, unazidisha namba za ulalo mkuu (kutoka juu kushoto hadi chini kulia) na kutoa zao la ulalo mwingine. Wengi wanaijua kanuni hiyo kwa moyo na hawajui inajibu swali gani. Historia inasaidia: determinanti ilitangulia matriki. Mwanahisabati Seki Takakazu wa Japani aliandika juu yake mwaka 1683, kisha wanahisabati wa Ulaya: Leibniz akaigusa katika barua ya 1693, Gabriel Cramer akachapisha kanuni yake ya kutatua milinganyo kwa determinanti mwaka 1750. Sylvester alikuja kutumia neno la matriki mwaka 1850 tu, na Cayley akajenga aljebra yake mwaka 1858. Waliotangulia walikuwa na milinganyo mikononi na walitaka kujua kama inatosha kubaini jibu moja.

Sasa fikiria huna orodha ya bei, una risiti mbili tu. Ya kwanza inaonyesha kilo 2 za bidhaa x na kilo 3 za bidhaa y, jumla 31. Ya pili inaonyesha kilo 1 ya x na kilo 4 za y, jumla 33. Matriki ya kiasi ni:

2  3
1  4

Determinanti yake ni 2 × 4 − 3 × 1 = 5. Si sifuri, kwa hiyo kuna jibu moja tu. Kwa kanuni ya Cramer, x = (31 × 4 − 3 × 33) ÷ 5 = 5, na y = (2 × 33 − 31 × 1) ÷ 5 = 7.

Badilisha risiti ya pili iwe kilo 4 za x na kilo 6 za y. Determinanti inakuwa 2 × 6 − 3 × 4 = 0. Je, hakuna jibu? Inategemea jumla iliyoandikwa chini ya risiti. Ikiwa jumla ni 62, risiti ya pili ni ya kwanza iliyozidishwa kwa mbili, haijakuambia jambo jipya. Bei 5 na 7 zinafaa, 8 na 5 zinafaa, 2 na 9 zinafaa, na nyingine zisizo na mwisho. Ikiwa jumla ni 70, risiti zinapingana: ununuzi ukiwa maradufu kwa bei zilezile ungegharimu 62. Hapo ndipo hakuna jibu, na mtu wa biashara anapaswa kuuliza: bei ilibadilika, kuna gharama ya ziada haikuandikwa, au mtu amekosea kuandika?

Determinanti haikuziona zile jumla hata kidogo. Imetazama upande wa kushoto tu, yaani kiasi kilichonunuliwa, na ikasema kwamba mistari hii miwili inabeba habari moja. Kama habari hiyo inajirudia kwa amani au kwa kupingana, hilo lazima ulitazame mwenyewe upande wa kulia.

Dhana: determinanti kubwa ni salama, ndogo ni hatari

Ukaribu na sifuri una maana, lakini si kwa jinsi inavyodhaniwa. Weka risiti ya pili iwe kilo 4 za x na kilo 6.01 za y, jumla 62.07. Determinanti ni 0.02, jibu lipo na ni moja: 5 na 7. Sasa mtu akosee kidogo, aandike 62.09. Ukitoa risiti ya kwanza mara mbili kutoka ya pili, unabaki na 0.01y = 0.09, kwa hiyo y ni 9 na x ni 2. Tofauti ya 0.02 kwenye jumla imezigeuza bei zote mbili kabisa.

Ungedhani basi udogo wa 0.02 ndio ugonjwa. Lakini andika risiti zote mbili kwa gramu badala ya kilo, jumla zikibaki zilezile: 2000 na 3000, kisha 4000 na 6010. Determinanti inaruka hadi 20,000, wakati risiti ni zilezile na udhaifu ni uleule. Ukubwa wa determinanti hufuata vipimo ulivyochagua. Kinacholeta shida ni mistari inayokaribia kuwa nakala ya mwenzake, na hiyo unaiona kwa kulinganisha uwiano: 2 kwa 3, na 4 kwa 6.01.

Alama ya kutoa nayo huwatisha watu bure. Determinanti hasi si hasara. Ukibadilishana mistari miwili alama inageuka, na milinganyo inabaki ileile. Na ukizidisha matriki nzima kwa 2, determinanti haizidishwi kwa 2: kwa matriki ya tatu kwa tatu inazidishwa kwa 8, kwa sababu kila mstari umechangia 2 yake. Determinanti ya zao ni zao la determinanti. Kwa kujumlisha matriki hakuna kanuni kama hiyo.

Dhana: kanuni ya Cramer ndiyo njia bora, na njia ya milalo inafaa kwa ukubwa wowote

Kwa vigeu viwili Cramer ni tamu, kwa vitatu anavumilika. Baada ya hapo gharama inapanda vibaya. Ukifungua determinanti yote, ya tatu kwa tatu ina vipande 6, ya nne kwa nne 24, ya tano kwa tano 120, na ya kumi kwa kumi 3,628,800. Njia ya Sarrus, ile ya kunakili safu mbili pembeni na kufuata milalo, ni ya tatu kwa tatu peke yake. Ukiilazimisha kwa nne kwa nne inakupa vipande 8, ilhali vinatakiwa 24.

Kwa matriki kubwa tumia njia ya kuondoa vigeu, ile yenye jina la Gauss. Kuuzidisha mstari mmoja kwa namba na kuujumlisha kwenye mwingine hakubadilishi determinanti, kwa hiyo unasafisha chini ya ulalo mkuu, zibaki sifuri tupu, kisha unazidisha namba za ulalo huo. Angalia tu usizidishe mstari unaobadilishwa wenyewe ili kukwepa namba za sehemu, halafu ukasahau. Ukifanya hivyo kwa 3, jibu la mwisho limekua mara 3.

Dhana: hizi ni hesabu za wahandisi, biashara haizihitaji

Wassily Leontief alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973 kwa kazi iliyosimama juu ya matriki. Swali lake ni la biashara mno: sekta zinatumia bidhaa za sekta nyingine ili kuzalisha, sasa kila moja izalishe kiasi gani ili mahitaji ya walaji yatimie?

Tuseme kuna sekta mbili. Kila uniti ya sekta ya kwanza inahitaji 0.2 ya bidhaa yake yenyewe na 0.4 ya sekta ya pili. Kila uniti ya sekta ya pili inahitaji 0.3 ya ya kwanza na 0.1 yake yenyewe. Walaji wanataka 60 kutoka ya kwanza na 120 kutoka ya pili. Matriki A ina mistari (0.2, 0.3) na (0.4, 0.1), na tunatatua (I − A)x = d, ambapo x ni uzalishaji wa sekta na d ni mahitaji ya walaji. Hiyo I ina 1 kwenye ulalo mkuu na 0 kwingine, kwa hiyo I − A ni:

 0.8  −0.3
−0.4   0.9

Determinanti ni 0.72 − 0.12 = 0.6. Sekta ya kwanza: (0.9 × 60 + 0.3 × 120) ÷ 0.6 = 150. Ya pili: (0.4 × 60 + 0.8 × 120) ÷ 0.6 = 200.

Hapa wengi huteleza kwa kuandika 1 badala ya I. Kwenye Excel, 1 ukiitolea jedwali la A, kila seli inatolewa kutoka 1, na nje ya ulalo unapata 0.7 na 0.6 badala ya −0.3 na −0.4. Determinanti inakuwa 0.3, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Dawa ni kurudisha jibu mahali pake. Sekta ya kwanza ikizalisha 150, yenyewe inatumia 30, ya pili inachukua 60, wanabaki walaji na 60 yao. Sekta ya pili ikizalisha 200, inatumia 20, ya kwanza inachukua 60, walaji wanapata 120.