Mtaalamu wa lishe: nani anastahili kuitwa hivyo?

Jina hili wengi hujipachika: muuza unga wa mlonge, mwalimu wa jimu, mwenye duka la virutubisho. Kitaaluma, mtaalamu wa lishe ni mtu aliyesomea lishe ya binadamu chuoni, akafanya mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi, na akasajiliwa pale sheria inapodai.

Fani ina matawi mawili makubwa. Wa lishe ya jamii utamkuta vijijini na kwenye kambi za wakimbizi, akipima mzingo wa sehemu ya juu ya mkono wa mtoto: kwa wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Wa lishe tiba yuko wodini, na huko kosa dogo huua. Mtoto aliyedhoofika sana huanzishiwa maziwa ya F-75 yenye kilokalori 75 kwa mililita 100. Akitulia ndipo huhamishiwa F-100, maziwa mazito zaidi, kwa sababu moyo na figo zake haziwezi kubeba chakula kizito ghafla. Mgonjwa wa figo naye haambiwi tu "punguza matoke". Yakipikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, potasiamu nyingi, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa mwilini, hubaki humo. Yakikatwa vipande, yakachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu yake huondoka. Ndiyo maana kozi hii imejaa kemia.

Kwa hiyo nchini Uganda njia huanzia S5, yaani mwaka wa tano wa sekondari, wakati wa kuchagua masomo. Asiye na Biolojia na Kemia hujifungia mlango mapema, hata akipata alama nzuri kwenye Historia. Kuingia shahada moja kwa moja kunahitaji angalau ufaulu mkuu (alama A hadi E) katika masomo mawili ya UACE, mtihani wa kumaliza S6, yaliyofanywa katika mtihani mmoja. Vyuo vya umma hupima uzito: A ni pointi 6, B 5, hivyo kushuka hadi E yenye 2, na masomo mawili ya msingi huzidishwa mara 3. Mwenye C ya Biolojia na D ya Kemia anapata 12 na 9, yaani 21, kabla ya mengine kuongezwa. Waliokosa huweza kupitia stashahada, au mtihani wa watu wazima kwa waliofikisha miaka 25.

Makerere na Kyambogo wote wana shahada ya lishe. Kwa chuo kingine chochote, kagua kwanza kama programu yenyewe, siyo chuo tu, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE). Wengi hugundua kasoro hiyo siku ya kuomba kazi. Aliyesoma sekondari nje ya nchi hupeleka vyeti vyake UNEB, baraza la mitihani la Uganda, vilinganishwe.

Ukivuka mpaka, masharti hubadilika. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, na anayetaka kufanya kazi huko hujisajili na KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe ya huko. Uingereza hulinda kisheria jina la mtaalamu wa lishe tiba (dietitian), chini ya HCPC, baraza linalosajili taaluma za afya, ila jina la "mtaalamu wa lishe" (nutritionist) halilindwi. Marekani, tangu Januari 1, 2024, anayetaka kufanya mtihani wa usajili wa lishe tiba lazima awe na shahada ya uzamili, na mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 1,000. Cheti cha wiki chache cha mtandaoni hakikupeleki hata nusu ya hapo.