Vitamini C na mkanda wa jeshi: msaada wake unaishia wapi

Mkanda wa jeshi unaonekana kwenye ngozi, lakini shina lake liko kwenye mishipa ya fahamu, yaani neva. Unaletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini. Hujificha kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, na kinaweza kulala humo hata miaka 50. Kinga ikilegea kwa uzee, VVU, saratani au dawa zinazoshusha kinga, huamka na kufuata neva moja hadi ngozini. Ndiyo maana malengelenge hujipanga upande mmoja wa mwili, kama mkanda wa askari.

Shangazi yangu alianza kwa kuwaka moto chini ya ziwa la kushoto, siku mbili kabla ya kipele chochote. Vipele vilipotoka, jirani alimletea kopo la vidonge vya vitamini C, vile vya rangi ya chungwa vya kumung'unya. Alimung'unya siku tano. Alipofika kwa daktari, saa zenye thamani zilikuwa zimeshapita.

Nazungumzia saa 72 tangu vipele vitokeze. Ndani ya muda huo dawa ya kupambana na kirusi hufanya kazi vizuri zaidi. Iliyozoeleka ni asiklovia, ambayo boksini huandikwa Aciclovir; mtu mzima kwa kawaida huandikiwa miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7, na mwenye tatizo la figo hupunguziwa dozi. Vitamini C haifanyi kazi hiyo.

Basi inafanya nini? Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza, lazima tuile. Inajenga kolajeni inayoshika ngozi na kusaidia vidonda kufunga, na chembe nyeupe za damu huihifadhi kwa wingi kwa sababu zinaihitaji kupigana na maradhi. Mtu mwenye upungufu wake ana kinga dhaifu. Hapo ndipo hoja kwamba vitamini C huimarisha kinga inaposimama: kumwondolea mtu upungufu ni jambo la maana. Lakini anayekula vizuri tayari, kumwongezea vidonge hakujathibitishwa kumzuilia mkanda wa jeshi.

Madai kwamba inatibu mkanda wa jeshi ni ya zamani. Mwaka 1949 daktari wa Marekani, Frederick Klenner, aliandika kwamba wagonjwa wake wa mkanda wa jeshi walipata nafuu kwa sindano za vitamini C. Hakuwa na kundi la kulinganisha, na hilo ni tatizo kubwa kwa ugonjwa huu, maana malengelenge hukauka yenyewe ndani ya wiki 2 hadi 4. Chochote utakachompa mgonjwa katika muda huo kitaonekana kimemponya.

Utafiti wa karibuni una uzito zaidi. Korea Kusini, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 87 waligawanywa makundi mawili. Moja lilipata dripu ya vitamini C juu ya matibabu ya kawaida. Maumivu ya siku za mwanzo hayakutofautiana. Wiki kadhaa baadaye, waliobaki na maumivu ya neva walikuwa wachache zaidi kwenye kundi la dripu. Inatia moyo, na ningependa ijaribiwe kwa watu wengi zaidi, lakini wagonjwa 87 ni wachache. Tena ilikuwa dripu ya hospitali. Vidonge vya kumung'unya havipandishi vitamini kwenye damu kufikia kiwango hicho.

Na dripu hiyo si ya kuwekewa ovyo. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana sehemu zenye malaria, pwani yetu ikiwemo, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa dozi kubwa. Mwenye figo mbovu yuko hatarini pia. Hata kwa vidonge, ukizidisha miligramu 2,000 kwa siku unaweza kuharisha.

Kwa chakula hakuna hofu. Mahitaji ya mtu mzima hayafiki miligramu 100 kwa siku, na pera moja la kadiri linatosha kabisa. Mapapai, machungwa na ubuyu navyo vinayo.

Kinga yenye ushahidi wa kweli ni chanjo. Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huchomwa mara mbili, na kwa waliofikisha miaka 50 ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya ugonjwa kwenye majaribio. Huku kwetu ni adimu na ghali, ndiyo maana zile saa 72 zina uzito mkubwa zaidi.

Shangazi ngozi ilipona. Maumivu yakabaki, na hadi leo, miezi minane baadaye, kanga hufungia kiunoni kwa sababu kitambaa kikigusa mbavu anaruka. Kijana akitokewa na mkanda wa jeshi, apime na VVU. Na vipele vikitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho liko hatarini: aende hospitali siku hiyohiyo.