Kufuta Akaunti Si Kujisafisha

Mwaka wa mwisho unapokaribia, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Maseno, Kakamega na Njoro huambiana kwamba njia salama ya kutafuta kazi ni kufuta akaunti zote za mitandao ya kijamii, ili mwajiri asikute lolote. Dhana hiyo ina makosa mawili.

La kwanza ni la kiufundi: Facebook humpa mtumiaji siku 30 za kubadili nia, na ufutaji wenyewe huweza kuchukua hadi siku 90, tena picha ya skrini iliyokwisha kuhifadhiwa katika simu ya rafiki haiguswi kamwe.

La pili ndilo zito. Mwajiri asiyekuona hana cha kukuhukumia, ni kweli, ila pia hana cha kukuchagulia. Mwanafunzi wa sayansi ya mazingira anayepiga picha za gugumaji ufuoni Dunga, Kisumu, kila mwezi na kuziweka mtandaoni, akieleza kwa sentensi chache upepo umelisukuma upande gani na wavuvi wamepitia wapi, anajijengea ushahidi wa umakini ambao cheti hakiwezi kuuonyesha. Wafuasi 200 wanatosha, iwapo miongoni mwao wamo watu wa taaluma yake; binafsi nisingeijali hata hiyo namba.

Basi mwanafunzi na afute matusi na ya fedheha, ya kifamilia ayaweke yaonekane na jamaa tu, na katika LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, atumie jina lile lile lililo kwenye vyeti vyake.