Makala Mpya za Sheria: Fuata Hukumu, Usifuate Mwaka wa Jalada

Mimi ni mkutubi wa sheria, na swali ambalo wahadhiri, mawakili na wanafunzi wa uzamivu huniuliza kuliko mengine yote ni namna ya kujua makala zipi mpya zimetoka katika eneo wanalolishughulikia. Wengi huja na mbinu moja: hufungua kitafutio cha kitaaluma, huandika maneno mawili matatu, kisha huchuja matokeo kwa mwaka. Mbinu hiyo ina kasoro kubwa, kwa sababu mwaka uliochapwa kwenye jalada la jarida la sheria hauelezi kwa uhakika makala ilianza kusomeka lini, wala mwandishi alifuatilia sheria hadi lini kabla ya kukabidhi kazi yake.

Makala moja inaweza kutokea mara tatu. Mara ya kwanza mwandishi huiweka kama rasimu katika hifadhi ya mtandaoni kama SSRN, iliyoanzishwa 1994 na ambayo tangu 2016 inamilikiwa na Elsevier. Mara ya pili mchapishaji huiweka kwenye tovuti yake kabla haijapangiwa toleo, kama Cambridge wafanyavyo kwa makala za Journal of African Law, jarida lililoanza 1957. Mara ya tatu ndipo hupata juzuu, toleo na namba za kurasa. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu miezi mingi inaweza kupita, na mjadala ukawa umekwisha kusonga mbele. Kwa upande wa pili, majarida ya vyuo vyetu vya Afrika Mashariki mara nyingi hutoka kwa kuchelewa, hivyo toleo lenye mwaka wa juzi linaweza kuwekwa mtandaoni juma hili. Mtafiti aliyechuja matokeo kwa mwaka wa sasa hataliona, ingawa kwa msomaji ni jipya kabisa.

Madhara yake huonekana wazi katika mjadala wa ndoa za utotoni nchini Tanzania. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakinzana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Makala iliyokabidhiwa kwa wahariri katikati ya 2019 inaweza kuchapishwa 2020 ikiwa inajadili hukumu ya 2016 peke yake, na msomaji anayeona mwaka 2020 ataamini kwamba mwandishi ameipima hukumu ya Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo kabla ya kusoma hoja yoyote mimi hutazama tarehe ambayo makala ilipokelewa na tarehe ilipokubaliwa kuchapishwa, kama jarida linazitoa, kisha hushuka kwenye tanbihi kutafuta hukumu ya karibuni kabisa aliyoitaja mwandishi. Ukiijua hiyo, umejua makala inasimamia sheria ya siku gani.

Tanbihi hizo ndizo zilizonishawishi kwamba arifa za barua pepe zifungwe kwenye hukumu, si kwenye mada. Chukua nadharia ya muundo msingi wa katiba, isemayo kwamba misingi fulani ya katiba haiwezi kubadilishwa kwa njia ya kawaida ya marekebisho, ambayo ilitikisa Kenya katika mashauri ya BBI (Building Bridges Initiative), mpango wa kuirekebisha katiba ya nchi hiyo. Mahakama Kuu iliikubali tarehe 13 Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikaiunga mkono tarehe 20 Agosti mwaka huohuo, na Mahakama ya Upeo, kwa wingi wa majaji, ikaamua tarehe 31 Machi 2022 kwamba haitumiki nchini humo. Ukifungua arifa kwa maneno ya Kiingereza yanayotaja muundo msingi pekee, sanduku lako litajaa makala za kemia, biolojia na ujenzi. Ukiweka jina Kesavananda, hali hubadilika mara moja, kwa sababu ni vigumu kuandika kwa uzito juu ya nadharia hiyo bila kuitaja hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya 1973 iliyoijenga. Ongeza neno Kenya kando yake, na kinachobaki ni karibu chote cha kusomwa. Vivyo hivyo jina Gyumi linatosha kwa mjadala wa ndoa za utotoni Tanzania, na hukusanya hata makala ambazo kichwa chake kinazungumzia usawa wa kijinsia, haki za mtoto au mamlaka ya mahakama juu ya Bunge.

Google Scholar hukubali arifa za aina hii bila malipo. Tena hukuruhusu kufungua arifa juu ya makala mahususi, ili kila inaponukuliwa na mwandishi mwingine upate taarifa. Chagua makala mbili au tatu ambazo kila mtu wa eneo lako hulazimika kuzijibu, hata kama zina umri mkubwa, na uzifuatilie kwa njia hiyo. Ukiamuru matokeo yapangwe kwa tarehe, fahamu kwamba idadi ya siku inayoonyeshwa kando ya makala huhesabiwa tangu kitafutio kilipoiingiza kwenye kumbukumbu zake, si tangu ilipochapishwa. Kwa haja yetu hilo ni jambo la heri: ndiyo njia rahisi ya kulinasa toleo lililochelewa.

Hata hivyo arifa hazitoshi, maana zinakuletea ulichokwisha kujua kwamba unakihitaji. Ninashikilia kwamba kila mtafiti wa sheria awe na majarida machache ambayo husoma orodha yake nzima ya yaliyomo kila toleo linapotoka, pamoja na makala zisizomhusu. Kwa anayeandika juu ya haki za binadamu barani Afrika, African Human Rights Law Journal la Pretoria, linalotoka tangu 2001 na kusomwa bure, halikwepeki. Kwa Tanzania kuna Eastern Africa Law Review la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililoanza 1968. Usihukumu jarida kwa lugha ya jina lake: Verfassung und Recht in Übersee la Ujerumani, ambalo sasa linaitwa World Comparative Law, huchapisha makala za Kiingereza juu ya katiba za nchi zetu, na wengi walipita mbali nalo kwa sababu ya jina tu. Majarida ya Marekani yanayohaririwa na wanafunzi ni mengi mno kufuatwa moja moja. Hayo yaachie arifa na SSRN.

Ukiipata makala ukakuta mlango umefungwa kwa malipo, usiishie hapo. Tangu 2018 mpango wa GOALI, ulio chini ya Research4Life, unazipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya sheria bure au kwa gharama ndogo. Nywila hutolewa kwa taasisi, si kwa mtu binafsi, na mara nyingi iko kwa mkutubi, ikimsubiri mtu wa kuiomba. Inanisikitisha kuona mwanafunzi akiacha makala muhimu nje ya tasnifu yake kwa sababu aliamini haipatikani. African Journals Online nayo imekusanya majarida mengi ya barani kwetu. Njia hizo zikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe kwa heshima, ukimweleza unachokitafiti.

Jambo moja bado linapuuzwa sana. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria Tanzania, na maandishi ya kitaaluma ya sheria kwa Kiswahili hayana budi kufuatiliwa kwa uzito uleule tunaoupa Kiingereza. Kitafutio hakijui kwamba mkataba na mikataba ni kitu kimoja, wala hakiunganishi mrithi, warithi na mirathi. Fungua arifa kwa umbo la umoja na la wingi, ongeza jina la sheria kama linavyoandikwa kwa Kiswahili, na upitie kwa mkono majarida ya vyuo ambayo hayajaingizwa kwenye vitafutio, kwa kuwa humo ndimo makala hizo huweza kujificha kwa muda mrefu zaidi.