Ubongo unachujaje vikengeushi? Maswali na majibu kuhusu umakini

Ubongo unajuaje kipi cha kuzingatia na kipi cha kupuuza?

Kuna mifumo miwili inayovutana. Wa kwanza hufuata nia yako. Ukiamua kusoma, sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, hushirikiana na sehemu ya juu karibu na utosi kulishikilia lengo hilo, kisha huzielekeza sehemu za kuona na kusikia zipe uzito kinachohusika. Wa pili haungoji amri yako. Huamshwa na jambo la ghafla: mlango kubamizwa, mwanga kumweka, simu kutetema. Mfumo huu umeegemea zaidi upande wa kulia wa ubongo, na ni mlinzi wa usalama wako, kwa hiyo huwezi kuuzima kabisa. Wanaojilaumu kwamba hawana nia thabiti mara nyingi wanapambana na mlinzi huyo.

Uchujaji wenyewe hufanyika wapi?

Hatua ya mapema ni kwenye thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Taarifa za macho, masikio na ngozi hupita hapo kabla ya kufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Harufu ina njia yake ya mkato. Thalamasi imezungukwa na tabaka jembamba la seli za neva ambazo kazi yake ni kuzuia. Mwaka 1984 mwanasayansi Mwingereza Francis Crick alipendekeza kwamba tabaka hili ndilo linaloelekeza umakini, na majaribio ya baadaye kwa panya yameonyesha kuwa sehemu ya mbele ya ubongo inaweza kulitumia kupunguza ishara zisizotakiwa.

Zinazopita huchujwa tena kwenye gamba lenyewe. Seli zinazohusika na unachokizingatia huitikia kwa nguvu zaidi, nyingine hufifia. Hufifia tu, hazinyamazi. Mwaka 1953 Mwingereza Colin Cherry aliwavisha watu vipokea sauti, kila sikio na maneno yake, akawataka warudie kwa sauti maneno ya sikio moja. Kuhusu sikio la pili waliweza kusema kama msemaji alikuwa mwanamume au mwanamke, lakini si alichosema. Mtafiti mwingine, Neville Moray, alipoingiza jina la msikilizaji kwenye sikio hilo lililopuuzwa, mwaka 1959, takriban theluthi moja walilisikia.

Kitu kinawezaje kupita mbele ya macho nisikione?

Kwa sababu kuona kunahitaji umakini, si macho peke yake. Katika jaribio la Daniel Simons na Christopher Chabris la mwaka 1999, watu walihesabu pasi za mpira kwenye video. Karibu nusu hawakumwona mtu aliyevaa vazi la gorila akikatiza katikati ya wachezaji. Ndiyo maana kuongea na simu huku unaendesha gari ni hatari hata kama mikono yote iko kwenye usukani.

Naweza kufanya mambo mawili kwa pamoja?

Ukiwa na jambo moja lililozoeleka, kama kutembea, ndiyo. Yote mawili yakihitaji kufikiri, ubongo huruka huku na huku, na kila mruko una gharama: unachelewa, unakosea, na mabaki ya kazi ya kwanza huendelea kukaa akilini.

Nifanye nini ili nisikengeuke?

Anza na mazingira, nia ije baadaye. Zima arifa, kisha weka simu chumba kingine. Ikiwa mezani hata imefudikizwa, bado unalazimika kujizuia kuigusa. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu 4 tu, hivyo wazo lisilohusika likikujia liandike kwenye karatasi, uendelee. Ukilazimika kuacha kazi, andika kwanza sentensi moja inayotaja hatua inayofuata. Watu wengi huiruka hatua hii, halafu wakirudi wanatumia muda mrefu kutafuta walipoishia.

Kazi ya kufuatilia jambo moja kwa macho huanza kudorora ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa hiyo pumzika dakika 5 kila baada ya dakika 25 hadi 30, ukiwa umesimama, bila skrini. Mtu mzima alale angalau saa 7. Kafeini ya kahawa au chai huzuia adenosini, kemikali inayoleta uchovu, lakini baada ya saa 5 hivi karibu nusu yake bado imo mwilini. Kikombe cha jioni kinakopa umakini wa kesho.

Na muziki?

Wenye maneno huvuruga kusoma na kuandika. Ala tupu, au mlio usiobadilika kama wa feni, hausumbui sana.

Ni lini nimwone daktari?

Ikiwa shida ilianza kabla ya umri wa miaka 12, imedumu angalau miezi 6 na inaonekana katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na shuleni, daktari anaweza kuchunguza ADHD, hali ya ubongo inayoleta ugumu wa kuzingatia na kutotulia. Dodoso la mtandaoni halitoshi. Kwa mtu mzima ambaye shida imeanza karibuni, huangaliwa kwanza usingizi, msongo, sonona, upungufu wa damu, tezi dundumio (tezi ya shingoni), na dawa za mzio zinazoleta usingizi.

Mtu akishindwa kufuata mazungumzo ghafla, ndani ya saa au siku chache, hasa mzee, hiyo ni dharura. Huenda ni maambukizi, sukari kushuka au kiharusi, na apelekwe hospitali mara moja.